Maher ‘anathibitisha’, wazee ‘wanadai’

Wiki iliyopita nilikuwa nikisoma rasimu ya tasnifu ya uzamili hapa Machakos. Mwanafunzi anatafiti masimulizi kuhusu ng’ombe wa Wakamba waliotwaliwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1938. Mada ni nzuri na Kiswahili chake kimetulia. Kilichonikwaza ni vitenzi viwili. Kila anapomrejelea Colin Maher, afisa wa kilimo aliyeandika ripoti kuhusu mmomonyoko wa udongo Machakos mwaka wa 1937, anasema Maher “anathibitisha”. Kila anapowarejelea wazee, hao “wanadai”.

Nilimwita ofisini nikamuuliza sababu. “Prof, si ya Maher iko kwa maandishi? Hawa wazee ni stori tu.”

Hapo ndipo wengi hupotoka. Maandishi si cheo. Chanzo hupimwa kwa maswali: nani anasema, alisema lini, alijuaje, na alikuwa na maslahi gani? Maher aliujua udongo, na uharibifu alioueleza ulikuwepo. Hata picha zilizopigwa mwaka huohuo zinauonyesha. Kwa hilo ni shahidi mzuri. Lakini alikuwa mwajiriwa wa serikali iliyotaka mifugo ya wenyeji ipunguzwe, ilhali Milima ya Mua ilikuwa imegawiwa walowezi. Anapoeleza ni nani wa kulaumiwa, huyo si shahidi tena, ni mhusika. Ng’ombe walipotwaliwa, Muindi Mbingu aliongoza umati hadi Nairobi kutaka kumwona gavana, na mwishowe akahamishiwa Lamu. Umati ule nao ulikuwa na ushahidi wake.

Wazee pia wapimwe, wasiaminiwe kwa sababu ya mvi. Mwenye miaka themanini leo hakuwa amezaliwa 1938, alisimuliwa. Na nani? Je, mzee wa kijiji kingine, asiyejuana naye, anasimulia vivyo hivyo?

Hata kitabu mashuhuri hakisameheki. Wanafunzi wetu hupenda kutaja More People, Less Erosion, kitabu cha 1994 cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, kinacholinganisha picha za Machakos za 1937 na za 1991. Ni kazi nzito. Hata hivyo, wengi huishia kwenye anwani. Ni wachache wanaojua kwamba mwaka uliofuata Dianne Rocheleau na wenzake walichapisha makala iliyoisimulia historia ya Ukambani kwa namna nyingine. Asiyesoma wapinzani wa chanzo chake hajakisoma.

Nami nina deni. Zamani, nikiwa mhadhiri kijana, mwanafunzi aliniletea mahojiano na nyanyake kuhusu ng’ombe haohao. Nilichora mstari mwekundu ukurasa mzima, nikaandika: “Leta vitabu.” Sikuuliza lolote. Nyanya huyo alikuwa msichana mkubwa mwaka wa 1938, hakusimuliwa, aliona. Ameshafariki, na mahojiano yale sijui yalitupwa wapi.

Mwanafunzi wangu wa sasa amerudi na rasimu mpya. Maher “anaeleza”. Wazee “wanaeleza”. Nimemwambia vizuri, sasa ndipo kazi ya kuwapima inaanza.