Kitendawili cha Sekunde 15

Tangu nimalize kidato cha sita na kujiunga na wenzangu wanaohangaika na kalamu, sijakaa kikao cha waandishi kikapita bila lawama moja: vijana hawasomi, wameibwa na video za simu. Ukiuliza wameibwaje, unajibiwa kwamba video hizo ni upuuzi wa haraka haraka, na watu wanapenda upuuzi wa haraka haraka. Basi, kikao kimekwisha, tunakunywa chai.

Jibu hilo halinitoshi hata kidogo. Upuuzi ni mwingi mno duniani na sehemu kubwa yake haina mtazamaji. Kwa kila video moja inayozunguka kutoka simu hadi simu, ziko chungu nzima zilizopigwa kwa simu ya aina ile ile, kwa urefu ule ule, pengine na mtu yule yule, nazo zikafa siku ile ile. Kama siri ni ufupi na upuuzi, mbona hizo zimekufa? Kwangu mimi swali hili si la kupigia soga. Naandika riwaya, nimefika sura ya tisa, na msomaji ninayemtaka ndiye huyo huyo mwenye simu ya kupangusa mkononi. Kama anaweza kuniacha kwa kupangusa kidole mara moja, lazima nijue anakimbilia nini.

Tuanzie mbali kidogo. Tarehe 28 Desemba 1895, jijini Paris, ndugu wawili Auguste na Louis Lumière waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio filamu kumi, kila moja ikiwa haifiki dakika moja. Yaani sinema yenyewe, hii tunayoiheshimu leo, ilizaliwa ikiwa video fupi. Mojawapo ya zile kumi ni hii: bwana mmoja anamwagilia bustani kwa mpira wa maji. Kijana anakuja nyuma yake, anaukanyaga mpira. Maji yanakatika. Bwana anashangaa, anaugeuza mdomo wa mpira, anauchungulia. Kijana anainua mguu. Maji yanamrukia bwana usoni! Anageuka, anamfukuza yule kijana, anamkamata, anamchapa, halafu anarudi kwenye kazi yake. Imekwisha.

Darasani, kwenye somo la fani na maudhui, tulifundishwa kwamba taharuki ni ile hamu ya msomaji kutaka kujua nini kitatokea. Tulikariri, tukajaza mtihani, tukapata alama. Sasa hebu niambie, katika filamu ya mpira wa maji ni nani asiyejua nini kitatokea? Tangu mguu ulipokanyaga, mtoto wa miaka minne anajua. Asiyejua ni yule bwana peke yake. Mtazamaji anajua kuliko mhusika, na kujua huko ndiko kunakomkalisha. Anataka bwana achungulie, na papo hapo anataka kumpigia kelele asichungulie. Macho yake yanatoka mguuni yanakwenda usoni, yanarudi mguuni. Kwa ufupi, amepewa kazi.

Hapo ndipo lilipo dai langu. Video fupi inayomshika mtu ni ile inayomwachia kazi ya kufanya kichwani mwake, kazi ndogo anayoiweza, halafu inampa nafasi aimalize mwenyewe kabla picha haijaimaliza. Mtu hashikwi na anachoonyeshwa. Anashikwa na anachokifanya akiwa anaonyeshwa.

Bibi zetu walilijua jambo hili bila kwenda Paris. Anayesema "Kitendawili!" hajakwambia kitu bado, lakini ukishaitika "Tega!" umekwisha kuajiriwa. Ukitaka kukaa kimya huwezi, kichwa kinafanya kazi chenyewe. Na ukishindwa kutegua huambiwi bure: unatoa mji kwanza. Jibu lina bei. Nitarudi kwenye hiyo bei.

Chukua mfano wa Khaby Lame. Kijana huyu alizaliwa Senegal mwaka 2000, akakulia Italia katika mji wa Chivasso, karibu na Turin. Mwezi Machi 2020, korona ilipoingia, alipoteza kazi yake kiwandani, akaanza kuweka video TikTok. Miaka miwili baadaye, mwezi Juni 2022, akawa ndiye mwenye wafuasi wengi kuliko mtu yeyote katika mtandao huo, zaidi ya milioni 140, na karibu muda wote huo hajafungua mdomo. Video zake zilizompa jina zina mpango mmoja. Kwanza unaonyeshwa mtu mwingine anayefanya jambo jepesi kwa njia ya kujitesa, mathalani anapambana na ndizi kwa kisu. Halafu anatokea Khaby. Anaichukua ndizi, anaimenya kwa mkono. Anatandaza viganja vyote viwili mbele kama anayesema: haya, si hivi tu? Na ule uso wake, bwana! Uso wa mtu aliyechoka kuzungukwa na wajinga lakini ana adabu.

Wengi wanasema siri yake ni ukimya, kwamba asiyesema hahitaji mkalimani. Kweli, ukimya umemvusha mipaka. Lakini mabubu wa kuigiza wamejaa mitandaoni na hatuwajui hata majina. Mimi naona siri iko katika ile nusu ya kwanza ambayo Khaby hayumo. Tunapomtazama yule wa kisu, sisi wenyewe tumekwisha kusema moyoni, "Wewe, si umenye tu kwa mkono?" Jibu tunalo kabla yake. Anapotokea hatufundishi kitu. Anakuja kutia sahihi kwenye jibu letu. Kila anayeitazama anatoka anajiona mwenye akili, na hiyo ni zawadi ambayo mwandishi mchanga humnyima msomaji wake kila siku.

Sasa tuje nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 2021, Kili Paul na dada yake Neema, vijana wa Kimasai kutoka kijiji kimoja cha mkoa wa Pwani (siyo Arusha, kama watu wanavyopenda kukisia), walijulikana India nzima kwa kufuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi. Uliowatoa ni Raataan Lambiyan, wimbo wa mapenzi kutoka filamu ya Shershaah ya mwaka huo huo. Serikali ya India ilikuwa imeifungia TikTok mwezi Juni 2020, kwa hiyo Wahindi wengi waliwaonea Instagram. Mwezi Februari 2022 Ubalozi wa India hapa kwetu ukamtunuku Kili, na kabla mwezi haujaisha Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja yeye na Neema katika hotuba yake ya redio.

Maelezo ya haraka, utayasikia vijiweni, ni kwamba Wahindi walishangaa kumwona Mmasai anaimba Kihindi. Eti kioja. Sikatai, kioja kinafungua mlango. Lakini kioja huisha makali ukikitazama mara ya pili, na hawa watu walitazamwa mara ya hamsini. Halafu mbona sisi pia tulitazama? Mswahili wa Pwani na Kihindi cha filamu ni marafiki wa siku nyingi. Majumba ya sinema ya Dar es Salaam na Unguja yalijaza watu kwa filamu za Kihindi miaka na miaka, wakatoka wanaimba nyimbo zake bila kujua neno moja. Kwetu sisi mtu mweusi kuimba Kihindi ni habari ya zamani.

Mimi nimezitazama video zile kama mhakiki, yaani nimeirudia moja mpaka bando likakata, na ninachokiona ni mdomo. Kufuatisha wimbo kwa midomo ni kutembea juu ya kamba. Kila silabi ni mahali pa kuanguka. Mtazamaji, bila kuambiwa na mtu, anageuka kuwa mwamuzi: atakosea hapa? Hakukosea. Hapa je, penye ile sauti inayovutwa? Hakukosea. Mhindi anaijua lugha kwa hiyo anakagua maneno. Mimi siijui, nakagua pumzi na macho, naangalia kama anakiamini anachokisema. Kazi mbili tofauti, video moja, na hakuna kati yetu anayebaki bila ajira. Na wakiwapo wote wawili mimi humtazama Neema zaidi, maana kaka mtu anajua kwamba anatazamwa, ila Neema ana nyakati anaonekana kama anaimba kwa ajili ya wimbo tu, na hapo nashindwa kuamua. Kushindwa kuamua kunanirudisha tena.

Waigaji wao nimewaona pia. Shuka ile ile, boma kama lile, Kihindi kile kile. Kioja wamekibeba chote na mdomo wameuacha nyuma, unapita kama mgonjwa wa meno. Ndiyo maana nasema kioja hakitoshi.

Lakini nisiwe mtu wa kusifia tu, maana ziko video zinazotushika bila kustahili, na haki ni kuzitaja. Nasema juu ya zile zinazoandika juu ya picha "ngoja mwisho uone" au "usipitwe na sekunde ya mwisho". Mtu anachota maji kisimani. Anachota. Anachota. Wewe unangoja. Mwisho anageuka, anacheka, imekatika. Hapo hukupewa kazi yoyote zaidi ya kungoja, na kungoja si kazi, ni foleni. Zinaenea kwa sababu mtambo unaogawa video hauna kipimo cha uzuri. TikTok wenyewe walieleza mwaka 2020 kwamba mtu akiitazama video ndefu kiasi kutoka mwanzo hadi mwisho, hiyo inahesabiwa kuwa dalili yenye uzito kwamba ameipenda. Sasa mtambo utajuaje kama nilikaa kwa sababu nilipenda au kwa sababu nilidanganywa? Haujui, nao haukuundwa kujali. Mdanganyifu analijua hilo, analipwa kwa macho yetu.

Na hapa nairudia ile bei ya mji. Katika kitendawili, mtegaji anakaa mbele yako. Jibu lake likiwa la kipuuzi unamzomea, na kesho hukai naye. Katika simu, aliyekudanganya amekwisha kupita, umepangusa, na anayefuata yuko mlangoni. Hakuna wa kuzomea. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa saa nzima akinyanyuka hana alichokishika. Saa hiyo imeshikwa na mtambo, si na video. Wakubwa wetu wanaolaani wanachanganya mambo haya mawili, na kwa kuyachanganya wanakosa cha kujifunza.

Maana kipo cha kujifunza. Katika kikundi chetu mwaka huu tumesomeana miswada saba. Minne inaanza na jua. Jua linachomoza, ndege wanaimba, mhusika anajinyoosha kitandani, anapiga miayo. Msomaji anafanya nini muda wote huo? Amesimama mlangoni kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti. Mmoja kati ya ile saba unaanza na mwanamke anayehesabu pesa za mchezo wa upatu, anahesabu tena, halafu anatoa noti moja kwenye sidiria yake anaiongeza. Hakuna maelezo. Wote tuliacha kunywa chai. Noti ile ni ya nani? Iliyopungua imekwenda wapi? Mwandishi wa muswada huo, kwa taarifa yako, ndiye anayeongoza kwa kutazama video katika kikundi chetu, na ndiye anayesemwa zaidi.

Ugonjwa wetu mwingine ni kutegua wenyewe vitendawili vyetu. Tunamwonyesha baba anayemficha mtoto barua, na kabla msomaji hajavuta pumzi tunaandika, "Alifanya hivyo kwa sababu alikuwa mbinafsi." Tumemnyang'anya kazi. Khaby angeandika kwenye video yake "jamani, ndizi humenywa kwa mkono", nani angemtazama?

Ila sitaki rafiki zangu waondoke hapa wakaanze kuandika riwaya za kupangusa, kila ukurasa noti imefichwa sidiriani. Sekunde 15 zina mipaka yake na mipaka hiyo ndiyo shamba letu. Video ya ndizi haiwezi kuniambia kijana aliyeachishwa kiwandani alirudije nyumbani siku ile, wala alimwambia nini mama yake. Hata ile ya ndugu Lumière: bwana wa bustani alimchapa yule kijana, kijana akatoka, picha ikakatika. Alikwenda wapi? Je, yule bwana alimjua baba yake? Siku ya pili, mpira ulipokatika maji kwa sababu nyingine kabisa, bwana aligeuka nyuma kwanza au alichungulia?