Mabaki ya Pikipiki Tatu

Fundi aliyezivunja pikipiki tatu za Honda CG125, au za mfano wake zitokazo China, ili ajenge moja iliyo kamili, hubaki na rundo la vipuri vilivyotumika, na mbele yake pana njia mbili nyepesi za kuliondoa: kumwita mnunuzi wa chuma chakavu alipime lote kwa kilo, ama kulitandaza barazani, wapita njia wachague kimoja kimoja. Zote mbili, kwa rai yangu, zina hasara. Ya kwanza kwa kuwa hulinganisha kabureta na stendi kwa uzito, na ya pili kwa kuwa wanunuzi wa mwanzo huondoka na vilivyo bora, wakamwachia mwenye mali vile visivyotakiwa na mtu.

Lililo sawa ni kuuza kwa mafungu, kila kipuri pamoja na vile vilivyolika nacho: gia zote za sanduku moja, kichwa cha injini pamoja na valvu na pushirodi zake. Injini hiyo, iliyotoka mwaka 1976, imeigwa mno na viwanda vya China, hata soko la vipuri vyake likawa pana. Lakini upana huo usimghuri muuzaji, madhali matoleo ya awali yalikuwa na platini na umeme wa volti 6, na ya baadaye yakaja na CDI na volti 12, basi koili iuzwayo bila kutajwa ni ya lipi humtia mnunuzi taabuni.

Silinda ndiyo istahiliyo kazi kubwa zaidi. Kipenyo chake cha kiwandani ni milimita 56.5, na pistoni za kuzidisha hupatikana kwa hatua za robo milimita hadi milimita 1 kamili. Silinda isiyopimwa ni chuma tu machoni pa mnunuzi mwenye hadhari. Bali ile iliyopimwa juu, kati na chini, ikaandikwa ubavuni kwamba imekwisha kuchongwa hadi 57.0, fundi mwenzake hujua papo hapo kuwa bado yaweza kuchongwa mara mbili, naye hulipa kwa kadiri ya ujuzi huo.

Cheni na sproketi zilizochakaa zipelekwe kwa kilo. Viatu vya breki vilivyolika visiuzwe kwa bei yoyote, kwani atakayevifunga huenda akampakia mama na mtoto wake.

Fremu, na kasha la injini lenye namba, ni mali ya namna nyingine kabisa. Hapa sina muhali: visitoke karakanani ila pamoja na nakala ya kadi ya pikipiki na hati ya mauziano yenye namba hizo, tarehe, na sahihi za pande zote mbili, hata kama mnunuzi ni jirani wa miaka mingi.