Kuuza Siri Bila Kuitoboa

Muuza embe humkatia mteja kipande aonje. Anayeuza riwaya za upelelezi hana ruhusa hiyo. Kile hasa ambacho mteja analipia, nani aliua na kwa nini, ndicho asichoweza kukionyesha. Abaki na nini cha kusifia biashara yake?

Chukua The Murder of Roger Ackroyd, riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1926. Ukimwambia mtu kwamba mwisho wake ni wa ajabu, umeshamharibia. Ataingia kitabuni na tahadhari ambayo mwandishi hakutaka awe nayo. Muuzaji aliyeiva hukitoa rafuni, humkabidhi, husema “soma hiki,” kisha huanza kuzungumzia mvua. Jijini London, watazamaji wa The Mousetrap, tamthilia ya Christie huyohuyo iliyoanza kuchezwa mwaka 1952, huombwa mwisho wa onyesho wasiende kumtaja muuaji huko nje. Wao huombwa kutunza siri moja. Muuza vitabu anazo tele, na kila siku kuna anayembembeleza amdokezee kidogo tu.

Kazi hii imepata mabingwa wake New York. Dilys Winn alifungua Murder Ink mwaka 1972, duka lisilouza ila hadithi za uhalifu, wakati ambapo wasomi wengi waliziona ni za kupotezea muda safarini. Lilifungwa mwisho wa 2006. Otto Penzler, mkusanyaji wa matoleo ya kwanza, alifungua The Mysterious Bookshop mwaka 1979 nyuma ya ukumbi wa Carnegie Hall. Hilo bado lipo, siku hizi katika mtaa wa Warren, kusini mwa Manhattan, rafu zimepanda hadi darini na Sherlock Holmes ametengewa sehemu yake.

Duka la vitabu vyote litakuuzia riwaya ya nne ya mfululizo kabla ya ya kwanza bila kusita, nawe utamkuta mpelelezi tayari ni mjane, hujui mkewe alikuwa nani. Mwandishi Sue Grafton aliwarahisishia watu kwa kuvipa vitabu vyake majina yanayofuata alfabeti tangu 1982, lakini waandishi wengi hawana huruma hiyo. Halafu kuna mtego wa majina. Murder on the Orient Express ilipotoka Marekani mwaka 1934 iliitwa Murder in the Calais Coach. Asiyejua hununua zote mbili na kufika ukurasa wa kumi akidhani ana kipawa cha kuona mbele. Mjuzi wa duka humzuia mlangoni, ingawa kwa kufanya hivyo anapoteza mauzo. Hapo ndipo mimi humtambua fundi.

Biashara ilipoyumba, Penzler aliwaomba waandishi waandike wasifu wa wapelelezi wao, akauchapa kama vijitabu vya dukani ili kulinusuru duka. Ian Rankin aliandika juu ya Rebus, Alexander McCall Smith juu ya Mma Ramotswe wa Botswana, na mwaka 2009 wasifu huo ukakusanywa katika The Lineup. Tena tangu 1993 amekuwa akiagiza hadithi moja kila Krismasi na kuwapa wateja bure. Masharti yake ni matatu: iwe ya msimu huo, iwe na fumbo, na angalau sehemu yake itokee humo dukani. Watu wameuawa sana katika duka lile, kwa kalamu. Sijui mwenye duka gani mwingine angefurahia jambo hilo.

Kwetu hazina ipo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960. Mkono wa Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes, unaonekana wazi, na Najum ni kwa Msa kama Watson kwa Holmes, ila ucheshi na mazungumzo ni ya Unguja kabisa. Faraji Katalambula akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, kisha Ben Mtobwa na wa kwake, Joram Kiango. Hao wanajaza rafu nzima bila taabu. Mwenye ujuzi wa kuwapanga, mara nyingi, ni yule aliyetandika mitumba ya vitabu kando ya barabara, pale Nairobi wanapopaita “inama” kwa kuwa lazima uiname kuchagua. Naye anajua. Mwulize tu cha kuanzia, utaona atakavyokupima kwanza kwa macho.

Ningekuwa mimi, mpenda mbio na bastola ningempa Kufa na Kupona ya Musiba. Mpenda kukaa akafikiri aanze na Kisima cha Giningi cha Abdulla, wala asiguse dibaji kabla hajamaliza.