Nyama za puani si chujio

Mzazi akiambiwa mwanawe ana nyama za puani, hudhani ni uvimbe uliozuka. Kumbe kila mtoto anazo. Kinachotofautiana ni ukubwa. Na hata wanaozitetea huzipa kazi isiyo yake, kwamba ni chujio la kunasa vumbi na vijidudu. Kunasa ni kazi ya kamasi, na kuisukuma kamasi hiyo kooni imezwe ni kazi ya vijinywele visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga kasia bila kupumzika. Nyama hizi, ambazo madaktari huziita adenoidi, zimejishika kwenye dari la koromeo nyuma kabisa ya pua, pale pale mkondo huo unapopita, nazo huonja. Katika mikunjo yake zimo seli zinazomeza chembe ngeni bila kuzisaga, kisha kuzipitisha ndani. Huko seli za kinga ziitwazo seli B huzitambua, huzaana, na baadhi huanza kutengeneza IgA, kingamwili inayomwagika juu ya utando kumsubiri mgeni yule yule arudi. Tezi ya kinga ya kwapani, kwa mfano, hungoja kuletewa habari na mishipa ya limfu. Adenoidi haina mshipa wa limfu wa kuiletea chochote, hupokea moja kwa moja kutoka juu ya utando.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ulichapishwa mwaka 1971 na Pearay Ogra, huko Marekani. Alipima kingamwili za polio katika majimaji ya nyuma ya pua ya watoto waliokwisha kuwa nazo, kabla na baada ya kukatwa tonsili na adenoidi. IgA ilishuka mara 3 hadi 4. Uzuri wa mpango huo ni kwamba mtoto alilinganishwa na nafsi yake, hivyo huwezi kusema waliokatwa walikuwa dhaifu tangu mwanzo. Tena, miongoni mwa watoto wasio na kingamwili hizo, waliokwisha kukatwa walipopewa chanjo ya matone waliitikia kwa kuchelewa na kwa uchache. Kasoro ipo: tonsili ziliondolewa pamoja na adenoidi, kwa hiyo hatujui kila moja ilichangia kiasi gani. Hata hivyo chujio likiondolewa, kinachotarajiwa ni uchafu kupita. Hapa kilichopungua ni kumbukumbu.

Wapo watakaosema mbona nyama hizo hizo huwa kiota cha bakteria. Ni kweli, na zikivimba hadi mtoto akakoroma, akakatika pumzi usingizini, au majimaji yakatuama nyuma ya ngoma ya sikio, kuzikata kuna maana. Lakini hiyo ni hoja ya njia iliyozibwa na mlinzi aliyezidiwa, haithibitishi kwamba mlinzi hakuwa na kazi. Kusinyaa kwake mtoto anapobalehe nako hakunisumbui: miaka ya mwanzo ndiyo ya kukutana na vijidudu vingi kwa mara ya kwanza. Hoja nzito ni kwamba waliokatwa huishi vizuri tu. Huishi, kwa sababu utando wa pua na tezi nyingine za koo hubeba sehemu ya kazi. Ila anayekata kwa kutumaini mafua yapungue asome jaribio la Uholanzi la mwaka 2011, lenye watoto 111 waliokuwa wakiugua mara kwa mara: waliokatwa mapema na waliosubiriwa waliugua karibu sawasawa.