Chuma Kizito kwa Mifupa Inayopungua

Mwanamke aliyekoma hedhi akiambiwa mifupa yake imeanza kupungua, ushauri anaoondoka nao mara nyingi ni uleule: tembea, kunywa maziwa, usinyanyue vitu vizito. Mwaka 2018 jarida la Journal of Bone and Mineral Research lilichapisha jaribio lililoipinga moja kwa moja nasaha hiyo ya mwisho. Lilifanywa katika Chuo Kikuu cha Griffith, Queensland, Australia, na Steven Watson, Belinda Beck na wenzao, likapewa jina la LIFTMOR. Wanawake 101 waliokoma hedhi, wastani wa umri miaka 65, wote mifupa yao ikiwa chini ya kiwango cha kawaida, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilinyanyua vyuma, tena vizito hasa.

Matokeo yake yamesimuliwa sana. Namna yalivyopatikana haijasimuliwa vya kutosha, na huko ndiko kwenye mafunzo kwa mama wa miaka 48 au 55 anayetaka kujua aanzie wapi.

Kwanza tuuelewe mfupa wenyewe. Mfupa ni kiungo hai: zimo seli zinazoubomoa na seli zinazoujenga, na homoni ya estrojeni huwashika wabomoaji wasizidi. Hedhi inapokaribia kukoma, homoni hiyo hushuka na ubomoaji huutangulia ujenzi. Lakini homoni si amri pekee inayosikika humo ndani. Zipo seli zilizozama katikati ya mfupa ambazo huhisi pale mfupa unapopindika kwa kiasi kidogo mno chini ya mzigo, nazo ndizo huwaita wajenzi. Mwaka 1984 Clinton Rubin na Lance Lanyon walilipima jambo hili kwenye mfupa wa bawa la ndege. Kuubana mara 4 tu kwa siku kulitosha kuzuia usipungue. Kuubana mara 36 kuliujenga, na kupita hapo hakukuongeza kitu. Utafiti wa baadaye ulithibitisha kwamba mzigo unaoamsha ujenzi ni ule unaokuja na kuondoka kwa nguvu, unaozidi kile mfupa ulichokwisha kukizoea.

Hapa pana jibu la swali ambalo wanawake wetu wana haki ya kuliuliza: mimi niliyebeba ndoo za maji na mizigo ya kuni tangu usichana, nahitaji chuma cha nini? Kazi ile ina thamani, na misuli iliyojengwa nayo ni ya kweli. Ila ndoo ya lita 20 ni kilo 20 leo, na mwaka ujao itakuwa kilo 20. Mfupa umeshaizoea. Na yule aliyehamia mjini, akakaa ofisini au dukani miaka 15, hata huo mzigo wa zamani hana tena.

Sasa tuangalie mpango. Mazoezi yalikuwa mara 2 kwa wiki, dakika 30 kila mara, kwa miezi 8, chini ya msimamizi. Mitindo ilikuwa minne tu: kunyanyua chuma kutoka sakafuni hadi usawa wa mapaja, kuchuchumaa na kuinuka chuma kikiwa mabegani, kukisukuma chuma juu ya kichwa, na kurukia bomba la juu, kujivuta, kisha kujiachia na kutua kwa kishindo. Katika ile mitatu ya vyuma walifanya seti 5 za marudio 5, kwa uzito wa zaidi ya asilimia 85 ya ule wa juu kabisa ambao mhusika angeweza kuunyanyua mara moja. Aliyeweza kilo 40 mara moja alifanya kazi na kilo 34 kwenda juu. Akipata nguvu na kufikia kilo 50, kazi yake inahamia kilo 42.5. Uzito unamfuata mtu anavyokua, haumngojei nyuma.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote katika mpango huu ni mwezi wa kwanza, ingawa hautajwi sana. Hawakupewa uzito mkubwa. Walijifunza mijongeo kwa uzito wa miili yao na vyuma vyepesi: mgongo unyooke vipi, nyonga ianze kurudi nyuma wakati gani, chuma kipite karibu na miguu. Uzito ulipandishwa baada ya mwili kuijua njia. Kasoro ninayoiona katika madarasa mengi ya mazoezi ya akina mama ni kwamba mwezi huo wa kwanza hauishi. Mama anashikishwa dumbeli za kilo 2 Januari, na Desemba bado anazo zilezile, anatokwa jasho, anasifiwa, na mifupa yake haijaambiwa jambo jipya.

Kundi la pili la LIFTMOR lilifanya karibu hivyo: mazoezi mepesi nyumbani, marudio 10 hadi 15, chini ya asilimia 60 ya uwezo. Baada ya miezi 8, msongamano wa mifupa ya kiuno ulikuwa umeshuka kwa asilimia 1.2 katika kundi hilo, na kupanda kwa asilimia 2.9 katika kundi la vyuma vizito. Kwenye shingo ya paja, mahali ambapo kuvunjika humlaza mtu kitandani, kundi jepesi lilipoteza asilimia 1.9 na zito likaongeza 0.3. Hiyo 0.3 ni ndogo sana peke yake. Ushindi ni kutokupoteza. Aliyeumia katika kundi zito alikuwa mmoja, kwa mkazo mdogo wa misuli ya mgongo, akakosa mazoezi mara 2.

Tusilisome jaribio hili kwa pupa, hata hivyo. Kundi jepesi lilikuwa nyumbani bila msimamizi, kwa hiyo tofauti iliyoonekana haiwezi kuhesabiwa yote kuwa ya uzito. Jicho la mwalimu nalo lina fungu lake. Wanawake 101 kwa miezi 8 ni wachache, na muda ni mfupi, kuonyesha kama mivunjiko yenyewe ilipungua. Tena walichujwa kiafya kabla ya kuanza. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, au aliyevunjika mfupa karibuni, hawezi kuyachukua matokeo haya na kuingia jimu kesho.

Na umri? Mama wa miaka 50 yuko kwenye kasi kubwa zaidi ya kupoteza mfupa kuliko wa 65. Kwake tuna kazi ya Miriam Nelson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, iliyotoka mwaka 1994: wanawake wa miaka 50 hadi 70, mara 2 kwa wiki, mwaka mzima, uzito ukipandishwa vilevile kadiri nguvu zilivyoongezeka. Walionyanyua waliongeza kama asilimia 1 ya mfupa kwenye kiuno na kwenye paja, wasionyanyua walipoteza. Misuli na uwezo wao wa kujisawazisha viliimarika pia, nami navipa uzito uleule wa mifupa, kwa kuwa asiyeanguka havunjiki.

Asiye na jimu karibu anaweza kuuanza mwezi wa kwanza nyumbani. Kuinuka kitini bila kushika mikono. Kuinama kwa nyonga na kuinuka na ndoo yenye lita 5, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja na hesabu haihitaji mizani. Kisha lita 7, kisha 10, mgongo ukibaki umenyooka. Kufika kwenye uzito wa asilimia 85 ni jambo jingine: hapo anahitaji chuma kinachoongezwa kidogokidogo na mtu anayejua kutazama mgongo. Akimpata mwalimu, amuulize mambo mawili kabla ya kulipa: uzito wangu utaandikwa wapi, na utapandishwa lini.