Mzamiaji Mwenye Bunduki Hawezi Kukulinda

Wanaozamia kwa pumzi ya kifua wana kanuni moja wasiyoichezea: mmoja chini, mmoja juu. Aliye juu hatafuti samaki. Anaelea kifudifudi, miwani ndani ya maji, macho kwa mwenzake tangu anapoinamisha kichwa mpaka anapoibuka, na akishaibuka anaendelea kumtazama kwa nusu dakika nzima. Nusu dakika hiyo wengi huidharau, kwa kuwa mtu ameshatoka majini na anaonekana yuko salama. Hayuko salama bado.

Sababu ni shinikizo. Kwenye kina cha mita 10 shinikizo ni maradufu ya lile la juu ya maji. Hewa iliyomo mapafuni hubanwa, na oksijeni, hata ikiwa imebaki kidogo, husukumwa kuingia kwenye damu, kwa hiyo mzamiaji hujisikia mzima. Akianza kupanda shinikizo hushuka upesi. Oksijeni iliyomtosha chini haimtoshi tena, naye anaweza kuzimika akiwa amebakiza mita chache, au akiwa ameshaibuka na kuvuta pumzi ambayo bado haijamfikia kichwani. Hapati maumivu ya kumtahadharisha. Hamu ya kupumua huletwa hasa na hewa ya ukaa inayojaa mwilini, na anayepumua harakaharaka mara nyingi kabla ya kuzama huifukuza hewa hiyo, akabaki bila onyo. Akizimika, kinachomwokoa ni mkono wa mwenzake unaomgeuza chali na kuuinua uso wake nje ya maji.

Naandika haya kutoka Hasamba, huku Mbozi kwenye mashamba ya kahawa, mbali kabisa na bahari, kwa sababu vijana wetu wanashuka pwani kutafuta riziki. Aliyekulia huku akijifunza kuzamia, anajifunza ukubwani, mikononi mwa rafiki aliyempata hukohuko. Rafiki ndiye mwalimu, ndiye mwenye miwani na chombo, ndiye anayeujua mwamba. Akiwa na bunduki ya kuvulia, mgeni hana nguvu ya kumkatalia. Nataka ajue mapema jinsi mambo yanavyokwenda.

Bunduki yenyewe ni rahisi kutengeneza: mti uliochongwa, vipande vya mpira wa ndani wa tairi, chuma kilichonolewa chenye kijino kinachomzuia samaki asichomoke, na kamba ya kukirudishia. Unafuu huo ndio umeifanya iwe ngumu kuondoa. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2001 pamoja na juya la kukokota, lakini ikaendelea kutumika, hasa na vijana wasio na mtaji wa nyavu. Kwetu, Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya 2003, zinaikataza, na zinakataza pia kuvua kwa kutumia mtungi wa hewa. Pweza aliye chini ya nusu kilo naye haruhusiwi kuvuliwa.

Wapo wanaouliza kosa liko wapi, maana mwenye bunduki anapiga samaki mmoja mmoja na hakokoti kitu juu ya matumbawe. Swali ni la haki, na jibu lake liko kwenye kuchagua kwenyewe. Dema na mshipi hungoja samaki aje. Bunduki humfuata hadi mlangoni kwake, na humwanza mkubwa. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike na kugeuka madume wakishakua, hivyo ukiondoa wakubwa umeondoa madume. Pono nao hukwangua mwani kwenye mawe na kuyaacha wazi, matumbawe machanga yakapata pa kushika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu zana za uvuvi za Kenya na Papua New Guinea uliona kwamba bunduki ni miongoni mwa zana zinazowachukua zaidi samaki ambao miamba inawahitaji ili ipone baada ya joto la bahari kuyaua matumbawe, kama lilivyofanya huku kwetu mwaka 1998. Mtungi wa hewa unaongeza balaa: pumzi ya binadamu ndiyo iliyokuwa ikiwaachia samaki kina chao cha kujificha, na mtungi unakiondoa.

Sasa tazama mwenendo wa mwenzi wa namna hii. Ufukweni bunduki haionekani. Imo ndani ya gunia, upande wa omo. Mkifika mwambani anaitoa na kusema ni samaki mmoja tu. Anampiga, samaki anajeruhiwa na kukimbilia pangoni akiwa na chuma. Chuma kile ni mali, kwa hiyo anarudi chini papo hapo. Mzamiaji makini hupumzika juu angalau mara mbili ya muda aliokaa chini. Huyu hapumziki, maana damu ya uvuvi imempanda. Kila mzamo unakuwa mrefu kuliko uliotangulia na mapumziko yanazidi kuwa mafupi. Hapo ndipo watu huzimika.

Wewe nawe una zamu yako ya kushuka. Uko chini, na aliye juu ana kazi tatu: kukaza mpira upya, kutafuta samaki mwingine, na kuangalia kama kuna boti ya doria. Katika kazi hizo tatu wewe humo. Hata akikupenda kama ndugu, macho yake hayawezi kuwa pande mbili. Ongeza chuma kilichokazwa tayari kwenye maji yenye vumbi la mchanga, ambamo mguu wako na mkia wa samaki havitofautiani kwa mbali, na kamba inayoelea inayoweza kukunasa kifundoni. Ndiyo maana siiti tabia hii suala la sheria peke yake. Anayeivunja kanuni ya zana ameshaivunja kanuni ya ulinzi, na ameivunja ukiwa chini ya maji.

Kubishana katikati ya bahari hakufai, kwa kuwa chombo ni chake na ufukwe uko mbali. Bunduki ikitoka kwenye gunia mkiwa tayari mwambani, usizame tena. Panda chomboni, ukae, umwambie waziwazi kwamba hushuki. Lakini mahali pa kuamua ni ufukweni, kabla ya tanga kupanda: uliza kilichomo kwenye gunia, uliza nani atakaa juu na kwa muda gani, uliza kama mwamba mnaouendea umefungwa na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha hapo. Viongozi wa kikundi hicho ni wavuvi wenzake, wanamfahamu, na hukosi kati yao mzee atakayekueleza ni nani wa kuzamia naye.