Nani Apande Mlima? Kodi ya Kibanda Ilivyokusanywa Uluguru

Msafiri Stanley alipofika chini ya Milima ya Uluguru mwaka 1871, alikuta mji wenye ngome ya mawe na minara karibu na Mto Ngerengere. Kisabengo aliyeijenga alikwishakufa. Mtawala alikuwa binti yake, Simbamwene, naye aliidai misafara hongo, yaani ada ya kupita. Kwa jicho la mhasibu, hongo ni kodi nyepesi kuliko zote: mtozaji amekaa, mlipaji anamjia. Hakuna daftari la wakazi wala haja ya kupanda mlima. Ni kuhesabu mizigo na kupatana.

Wajerumani walijitwisha kazi ngumu zaidi. Amri yao ya kodi ya nyumba ilitolewa Novemba 1897 na kuanza kutumika Aprili 1898: kibanda cha shamba, rupia 3 kwa mwaka. Walihesabu vibanda badala ya vichwa kwa sababu kichwa kina miguu. Mfalme wa Uingereza alikwishalipia somo hilo. Tangu 1334 kila kijiji cha kule kilipangiwa kiasi chake, wanakijiji wakagawana mzigo wenyewe, na mfalme hakujali nani katoa nini. Mwaka 1377 akaanza kutoza kila kichwa, na walipa kodi zaidi ya milioni 1.3 wakaandikwa. Ilipofika 1381 kiwango kilikuwa mara tatu ya kile cha 1377, na majina yaliyosalia hayakufika laki tisa. Theluthi nzima ya watu haikufa, ilijificha. Wakaguzi walipotumwa kuwasaka, wakulima wakachukua silaha na kuingia London.

Kibanda basi. Ila aliyewahi kupanda Uluguru kutoka Matombo kwa miguu anajua tatizo liko wapi. Nyumba za Waluguru hazikupangwa mstari mmoja. Hii iko kwenye mgongo wa kilima, ile ng'ambo ya bonde, na kati yake saa nzima ya kushuka na kupanda. Halafu kuna swali la nani mwenye kibanda. Ardhi ya Uluguru ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mwanamume aliyejenga kwenye shamba la ukoo wa mkewe analala pale, lakini si pake. Mwenye wake wawili ana vibanda viwili, kwa hiyo ni rupia 6, hata kama fedha anayoipata ni ileile. Karani wa boma asingeweza kuyajua haya kwa kutazama paa na kuta.

Hapo ndipo alipohitajika mtu wa katikati. Juu alikuwepo akida, mara nyingi mtu wa pwani ajuaye kusoma na kuandika, na chini yake jumbe, mwenyeji. Jumbe alihesabu vibanda, akazunguka kudai, akapeleka fedha, na ujira wake ukatoka kwenye sehemu ya alichokusanya. Mpangilio huu ulikuwa na werevu wake, maana serikali haikulipa mshahara mahali ambapo hapakupatikana kodi. Lakini ulimfanya jumbe apende vibanda viongezeke kwenye orodha, na mlipaji apende vipungue. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu walijibu kwa kubanana wengi chini ya paa moja. Kibanda hakikimbii, kweli, ila huweza kutojengwa.

Waluguru hawakuwa na mtawala mmoja wa milima yote. Kila ukoo ulikuwa na mndewa wake, na Kingalu wa Kinole alisifika mbali zaidi ya wengine kwa mvua, si kwa kutoza. Kwa hiyo jumbe hakurithi cheo kilichokuwepo. Nathubutu kusema kwamba kodi ndiyo iliyomzaa.

Mwanzoni iliwezekana kulipa kwa mazao au kwa kazi. Nafaka ni kodi mbaya: lazima ibebwe, itunzwe, iuzwe, na ukungu na panya hawana habari na bajeti. Kanuni mpya ya 1905 ikabana zaidi upande wa fedha taslimu, na asiye nayo akalipa kwa jasho. Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, njia ya kuzipata rupia ikawa wazi zaidi: kuteremka kwenda mashamba ya tambarare, baadaye hasa ya mkonge. Kodi ikawa inawashusha watu, badala ya mtozaji kupanda.

Waingereza walibadilisha sarafu na kuuacha mfumo ulivyokuwa. Sheria yao ya 1922 ilijumuisha kodi ya kibanda na kodi ya kichwa. Gavana Cameron, aliyeingia 1925, akawapa watawala wenyeji mishahara kutoka hazina zao, nazo hazina zikapata mgawo wa kodi. Yule aliyelipwa kwa kamisheni akawa mwajiriwa. Kodi ya kichwa ilibadilishwa majina mara kadhaa baada ya uhuru, hadi kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, na mgambo wakapoteza sababu ya kugonga milango alfajiri.

Leo ushuru wa mazao unadaiwa barabarani. Mwaka 2017 uliwekwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa. Mbogamboga za Nyandira na ndizi za Kinole hazina njia nyingi za kutokea, kwa hiyo kizuizi kimoja kinatosha kwa kazi ambayo zamani ilihitaji jumbe kila kilima. Mtozaji amerudi kukaa pale alipokaa Simbamwene, safari hii na mashine ya kutolea risiti. Lori linasimama. Nyuma yake inakuja pikipiki yenye matenga mawili ya nyanya, na inapita.